Wao Waja Kwetu, Wetu Nao Waende

Mtu apitaye Hospitali ya Mnazi Mmoja asubuhi, khasa katika miezi ya likizo za Ulaya, hakosi kuwaona vijana wa kigeni waliovaa makoti meupe wakifuatana na madaktari wetu kutoka kitanda hadi kitanda. Ni wanafunzi wa udaktari na uuguzi waliokuja kukamilisha hapa sehemu ya masomo yao. Akenda Buyu, kwenye Taasisi ya Sayansi za Bahari, atawakuta wengine wakishughulika na matumbawe na mwani. Na Mji Mkongwe wako wanafunzi wa vyuo vya Kimarekani ambao hukaa miezi kadhaa wakisoma habari za pwani yetu, misitu yetu na watu wetu.

Sisi tunawakaribisha. Visiwa hivi havikuanza jana kupokea wageni, na mgeni aliyekuja kutaka elimu ana heshima yake mbali na mgeni aliyekuja kutaka jua. Wala hatusemi kwamba wanatupunja. Wengi wao hulipa ada, hufanya kazi kwa adabu, na hurudi kwao wakiwa na maneno mema juu yetu.

Lakini tunauliza: wa kwetu wako wapi? Katika hospitali za Ulaya, katika maabara za bahari za nchi hizo hizo, katika hoteli kubwa za miji yao, ni wangapi miongoni mwa vijana wa Unguja na Pemba wanaosimama pembeni mwa mabwana wa kazi hiyo wakijifunza? Neno linaloandikwa juu ya mikataba mingi ya namna hii ni "kubadilishana". Ikiwa mmoja huleta na mwengine hupokea tu, basi neno hilo si lake.

Tofauti iliyopo haitokani na akili za vijana. Inatokana na njia. Mwanafunzi wa kigeni anayetaka kuja hapa humkuta mtu wa kumwonyesha njia tangu chuoni kwake. Chuo chake kina ofisi maalumu yenye orodha ya hospitali na taasisi za ng'ambo, barua huandikwa na mwalimu wake, na kibali cha ukaazi cha daraja la C, ambacho sheria yetu imewawekea wanafunzi, watafiti na watu wa kujitolea, huombwa kwa utaratibu unaojulikana. Wengine huletwa na makampuni ya kwao ambayo hufanya biashara hiyo na kuifaidi. Kijana yule anachohitaji ni nauli na moyo.

Sasa tumchukue kijana wa Wete anayesoma mambo ya utalii, au binti wa Makunduchi anayesomea sayansi ya bahari. Amesikia kwa rafiki kwamba ng'ambo kuna nafasi za mafunzo kwa vitendo. Hana wa kumuuliza. Anaanza kukimbilia paspoti, ambayo tangu ije paspoti ya kielektroniki mwaka 2018 huuzwa shilingi 150,000. Ili aipate lazima awe na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho. Tena kama jina katika cheti halikuandikwa sawasawa na jina katika karatasi za skuli, jambo ambalo kwetu ni la kawaida, kwa kuwa babu mmoja huandikwa Khamis mahali pamoja na Hamisi mahali pengine, basi kazi huanza upya. Akishapata paspoti hupanda meli hadi Unguja, kisha boti hadi Dar es Salaam, kwa sababu balozi zilizo nyingi ziko huko. Anafika mbele ya afisa wa viza, naye anamuuliza swali moja: "Nani amekualika?" Hana jibu. Anarudi Wete.

Kijana huyu hakukosea kwa uvivu. Amekosea kwa kuanzia mwisho. Viza ndiyo karatasi ya mwisho katika safari hii, na wala si ya kwanza. Kwanza hutafutwa mahali pa kujifunzia, yaani hospitali, maabara, kiwanda au hoteli iliyo tayari kumpokea mwanafunzi. Pili hupatikana mdhamini anayetambuliwa na serikali ya nchi ile. Tatu huandikwa mpango wa mafunzo. Hapo tena ndipo mtu huenda ubalozini, na aliyekamilisha hayo matatu huenda akiwa na hoja mkononi.

Tutoe mfano wa Marekani, kwa kuwa ndiyo nchi inayotajwa sana na vijana wetu na ndiyo yenye utaratibu ulioandikwa kwa urefu. Viza yao ya mabadilishano, iitwayo J, ilitokana na sheria ya mwaka 1961, wakati wa Rais Kennedy, na shabaha yake iliyotajwa ilikuwa kuwafanya watu wa mataifa wafahamiane. Kwa mwanafunzi anayekwenda kujifunza kazi, kanuni zao zinataka awe bado yuko chuoni nje ya Marekani, au awe amemaliza chuo ndani ya miezi 12 iliyopita. Muda wa mafunzo hauzidi miezi 12. Hutakiwa kufanya kazi kwa uchache saa 32 kwa wiki, na shughuli za ukarani hazitakiwi kuzidi sehemu moja ya tano ya kazi yake. Katika mafunzo ya hoteli na utalii yenye kufika miezi 6 au zaidi, lazima apitishwe katika sehemu zisizopungua tatu, ili mtu asiende kuosha sahani mwaka mzima kisha akaambiwa kwamba amehitimu. Yote haya huandikwa katika fomu iitwayo DS-7002, na hutiwa saini na pande tatu: mwanafunzi, mdhamini na mwenyeji. Ndipo mdhamini, ambaye ni taasisi iliyoidhinishwa na Wizara yao ya Mambo ya Nje, humpa mwanafunzi karatasi ya DS-2019. Bila ya karatasi hiyo hakuna afisa wa ubalozi awezaye kusaidia, hata akitaka.

Gharama zake hazikuwa ndogo. Hadi mwaka 2025 ada ya kuandikishwa katika daftari lao la wanafunzi wa kigeni ilikuwa dola 220, na ada ya kuomba viza dola 185, ambayo hairudishwi hata mtu akikataliwa. Jumla ni dola 405, yapata shilingi milioni moja, kabla ya ada ya mdhamini, kabla ya bima, kabla ya nauli. Juu ya bima, tukumbuke kwamba sisi wenyewe tangu Oktoba 2024 tunamtaka kila mgeni anayeingia Zanzibar akate bima ya dola 44. Basi tusiwalaumu wenzetu kwa kutaka bima. Yao tu ni kubwa zaidi: hutakiwa iweze kulipia matibabu ya dola 100,000.

Lakini mlango huo ulifungwa. Kwa tangazo la Rais wa Marekani la tarehe 16 Disemba, 2025, utoaji wa viza za matembezi, za masomo na za mabadilishano kwa raia wa Tanzania ulisimamishwa kuanzia tarehe 1 Januari, 2026. Sababu iliyotolewa, miongoni mwa nyingine, ni idadi ya wale waliokwenda kwa viza hizo wakakaa kupita muda waliopewa. Tangazo kama hilo huweza kurekebishwa au kuondolewa, na ni juu ya Serikali kulifuatilia. Lakini ye yote anayeambiwa na mtu mwengine kwamba mlango umekwisha funguliwa, au kwamba yeye atapitishwa kwa nyuma, na aulize ubalozini kwanza kabla ya kutoa hata senti moja.

Mifano mingine haikosekani. Uingereza ina viza ya kazi ya muda kwa ajili ya mabadilishano yaliyoidhinishwa na serikali. Huko pia mwajiri hatoi hati ya udhamini mwenyewe. Hutolewa na chombo kinachosimamia mpango mzima. Mwombaji hutakiwa aonyeshe kwamba amekuwa na pauni 1,270 katika benki kwa siku 28, isipokuwa kama mdhamini amekubali kumbeba. Nchi nyingi za Umoja wa Ulaya zinafuata mwongozo wao wa mwaka 2016 unaowahusu wanafunzi, watafiti na wanaokwenda kujifunza kazi. Mwongozo huo unataka pawepo mkataba wa mafunzo wenye kueleza kitakachofundishwa, muda wake na nani atakayesimamia, na unataka mwombaji awe mwanafunzi au awe amepata shahada yake ndani ya miaka miwili iliyopita.

Msomaji atakuwa ameona jambo moja linalorejea kila mahali: mafunzo haya ni ya mwanafunzi, au ya mtu aliyemaliza juzi. Hii ni saa inayokwenda. Na hapa ndipo tunapotaka kusema na wakuu wa vyuo vyetu bila ya kuficha. Kijana anayemaliza masomo kisha akangojea transkripti yake mwezi baada ya mwezi, akiambiwa leo mwenye kutia saini amesafiri na kesho mashine imeharibika, anaibiwa muda wake. Akiipata mwezi wa tisa, amebakiwa na miezi mitatu ya kutafuta mwenyeji, mdhamini na viza. Hayo hayawezekani. Hatuoni ni kwa nini chuo kishindwe kutoa transkripti ndani ya wiki nne baada ya matokeo kuthibitishwa, pamoja na barua ya Kiingereza inayoeleza kijana alisoma nini na mafunzo ya vitendo yana nafasi gani katika shahada yake. Karatasi mbili hizi hazihitaji msaada wa wafadhili. Zinahitaji mtu akae mezani.

Kuhusu madalali hatutasema mengi. Wako watu wanaowauzia vijana wetu "mafunzo" ya ng'ambo, na wazazi wameuza mikarafuu na viwanja kwa ajili hiyo. Alama yao ni moja: karatasi yao inataja mshahara lakini haitaji kitakachofundishwa, wala jina la atakayefundisha. Mkataba wa namna hiyo ni wa kazi, na huenda ukawa wa utumwa, khasa kama mwenyeji ndiye atakayeishika paspoti. Mzazi aukatae.

Turudi katika hoja yetu. Tumesema kwamba wageni wanakuja. Basi huo ndio mtaji wetu, na ajabu ni kwamba hatujautumia. Chuo cha Ulaya kinachotaka kuwaleta wanafunzi wake Mnazi Mmoja kinataka jambo ambalo hakiwezi kulipata kwao. Mwanafunzi wao ataona hapa maradhi ambayo kwao huyasoma katika vitabu tu, atawaona madaktari wanaotibu bila ya mashine nyingi, atajifunza kumpima mgonjwa kwa mkono na kwa sikio. Hayo yana thamani. Vivyo hivyo kwa matumbawe ya Chumbe na kima punju wa Jozani, ambaye hayupo po pote duniani isipokuwa katika visiwa hivi. Sisi tunayatoa haya kwa ada ndogo na cheti cha shukrani.

Tunashauri kwamba pasiwe na mkataba wa kupokea wanafunzi wa kigeni katika hospitali, maabara au taasisi yo yote ya Serikali ya Mapinduzi usiokuwa na kifungu cha marejeo. Hatudai mmoja kwa mmoja, kwani tunajua gharama za maisha ya kwao. Lakini chuo kinacholeta wanafunzi kumi kwa mwaka kiweze kumpokea wetu mmoja kwa miezi mitatu, kimpe mahali pa kulala na msimamizi, na kimwandikie karatasi zote za udhamini. Chuo chenye ofisi nzima ya mambo hayo hakiwezi kusema kwamba hakijui namna ya kuandika barua ya mwaliko.

Wala hili si jambo la ndoto. Hospitali ya Mnazi Mmoja na Hospitali ya Haukeland ya mji wa Bergen, Norway, zilikwisha badilishana wafanyakazi, wa kwao wakaja na wa kwetu wakaenda, kwa mpango wa shirika la Serikali ya Norway ambalo sasa huitwa Norec. Wanamuziki wa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi nao walikwenda Norway kwa mpango huo huo, na Wanorway wakaja kukaa Mji Mkongwe kujifunza taarab. Jambo la kuzingatia katika mpango ule ni sharti lake: hakuna anayetumwa upande mmoja bila ya upande wa pili kufikiriwa. Viza, bima na nauli zilisimamiwa na taasisi, wala hazikuachiwa kijana mmoja mmoja apigane nazo. Kama iliwezekana kwa muuguzi na mpiga kanuni, itawezekana kwa mwanafunzi wa uhandisi.

Tena tunaye jirani ambaye hatujamtazama vizuri. Tangu mwaka 2023 Chuo cha Teknolojia cha India cha Madras kina tawi lake Bweleo, tawi la kwanza la vyuo hivyo kufunguliwa nje ya India. India ina ubalozi mdogo hapa hapa Unguja, kama walivyo Wachina na Waomani, kwa hiyo kijana wa Pemba angeokoa safari ya pili ya bahari. Je, wanafunzi wa vyuo vyetu vyengine, wa Chuo cha Taifa na wa Taasisi ya Karume pale Mbweni, wamefunguliwa njia ya kwenda kujifunza katika viwanda na maabara za India kwa mkono wa jirani huyo? Tungependa kujibiwa.

Wako wanaotuambia: mkiwapeleka hawatorudi. Khofu hii tunaiheshimu, kwa sababu si ya bure. Wako waliokwenda wakapotelea huko, na tumekwisha ona kwamba Marekani iliitaja tabia hiyo ilipofunga mlango. Anayekwenda kwa karatasi ya mafunzo kisha akajificha amewafungia wadogo zake. Lakini tuangalie ni nani aghalabu hapotei. Hapotei yule aliyepelekwa na taasisi, anayejua kwamba msimamizi wake huku anangojea ripoti, kwamba amebakiwa na muhula mmoja ili apate shahada yake, na kwamba kuna kitanda cha kazi kinachomngojea. Anayepotea zaidi ni yule aliyekwenda peke yake, kwa deni, kwa mkono wa dalali; huyo hawezi kurudi mikono mitupu mbele ya baba aliyeuza shamba. Kwa hiyo kama khofu ni kupotea, dawa yake ni kuwapeleka kwa utaratibu, na kuwapeleka kabla hawajamaliza masomo. Mwaka wa kabla ya mwisho ndio unaofaa zaidi.

Na gharama? Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Zanzibar huwakopesha wanafunzi ada na posho. Tunadhani mwanafunzi aliyekwisha pata mwenyeji na mdhamini wa kuaminika angekopeshwa nauli na ada ya viza, deni hilo likajumlishwa na lile alilonalo. Wanaostahili hawatakuwa wengi kwa mwaka, na fedha zitakazohitajika hazifiki zile zinazotumika kwa semina.

Paspoti, uhamiaji na mambo ya nchi za nje ni mambo ya Muungano. Tunalijua hilo, na mara nyingi tumeona jambo likikaa njiani kwa sababu ofisi ya Unguja inasema ni la Dodoma, na ya Dodoma inasema halijaletwa. Ndiyo maana tunataka Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali iwe na meza moja ya kazi hii, yenye afisa anayejulikana kwa jina, na mwenzake mmoja Chake Chake. Kazi yao iwe kushika orodha ya wenyeji wanaoaminika, kuhakikisha wadhamini, kusahihisha majina katika vyeti mapema, na kuzungumza na balozi, kwa kupitia Wizara ya Mambo ya Nje, ili zilizo tayari zilete maafisa wao Unguja kwa siku maalumu badala ya vijana hamsini kuvuka bahari mmoja mmoja. Balozi zina khiari ya kukataa. Sisi hatuna khiari ya kutouliza.

Mkurugenzi wa hospitali anaweza kuanza hata kabla ya meza hiyo haijawekwa. Anayo mikataba ya wageni katika kabati lake. Aitoe, aisome, na kwa kila mmoja unaokaribia kwisha aandike barua ya kuuliza ni lini upande wa pili utampokea mwanafunzi wa kwanza kutoka Zanzibar.